Uzito wa rangi kwenye kopo haupimi ubora wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu ushauri uliotolewa kwenye safu yenu ya ujenzi kuhusu namna ya kuchagua rangi ya maji. Wasomaji waliambiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba rangi bora hujulikana kwa uzito wake mara kopo linapofunguliwa: chomeka kijiti katikati, kikisimama chenyewe, nunua. Pili, kwamba ikionekana nzito mno kwa brashi, iongezwe maji mpaka ilainike. Mimi nilikuwa fundi wa kupaka rangi, na sasa nafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi. Shughuli yangu ya kila siku ni mnato, yaani ule ukinzani ambao kimiminika huuonyesha kinaposukumwa kitiririke. Ushauri wa kwanza unampotosha mnunuzi, na wa pili unamharibia ukuta. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: hatuelezwi ni kitu gani ndani ya kopo kinachoifanya rangi iwe nzito, na kimewekwa humo kwa kazi gani.

Rangi ya maji ni maji yaliyobeba vitu viwili vikubwa. Kuna chembe za gundi, mara nyingi akriliki, zenye upana wa nanomita 100 hadi mia chache. Ndizo zitakazobanana na kuungana kuwa utando maji yakishakauka. Na kuna unga: titani dioksidi inayofunika ukuta kwa weupe wake, pamoja na unga wa kujazia wa kalisi kaboneti (chaki), talki au udongo laini. Mtu angetarajia gundi ndiyo ilete uzito. Haileti. Gundi ya akriliki hufika kiwandani ikiwa karibu nusu yake ni yabisi, yaani kitu kigumu kinachobaki maji yakikauka, na bado unaimimina kwa urahisi, kwa sababu minyororo yake ya molekuli imejikunja ndani ya chembe na kila chembe inaelea peke yake. Katika rangi ya mafuta gundi yake, resini, imeyeyuka, minyororo yake imeenea kote ndani ya kiyeyushi, kwa hiyo mnato unapatikana humo humo. Huku kwenye maji hatuna msaada huo. Mnato hupimwa kwa paskali-sekunde; maji yana milipaskali-sekunde 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya kipimo hicho, kwenye nyuzijoto 20, na ukichanganya maji, gundi na unga bila kitu kingine utapata majimaji meupe yanayochuruzika kwenye brashi kabla hujafika ukutani. Wakati kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani inatoa Rhoplex AC-33 mwaka 1953, gundi ya kwanza ya akriliki iliyobuniwa mahususi kwa rangi za maji, tabia hiyo ilikuwapo, na ipo hadi leo.

Kinachoijenga rangi ni polima, yaani molekuli zilizo kama minyororo, ndefu na zinazopenda maji, ambazo sisi tunaziita viongeza mnato. Kiasi chake ni kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya uzito wa rangi yote. Hapo ndipo jaribio la kijiti linapovunjika, Mhariri. Nikipewa rangi yenye gundi haba na titani dioksidi ya kuhesabu, iliyojaa chaki na maji, naweza kuifanya isimamishe kijiti kabla ya saa ya mapumziko. Nahitaji gramu chache tu za polima kwa kila kilo. Kijiti kitasimama wima, mnunuzi ataridhika, na ukuta wake utaanza kutoa vumbi akiupangusa kwa kitambaa. Na naweza kutengeneza rangi nzuri kabisa, yenye gundi ya kutosha, ambayo kijiti kinalala ndani yake ndani ya sekunde mbili. Uzito wa kopo unaeleza kitu kimoja tu, nacho ni kiasi na aina ya polima iliyowekwa.

Lakini polima hiyo haikuwekwa ili kopo lipendeze. Ina kazi ngumu, na inafaa nieleze ugumu wenyewe kwa hesabu ambayo msomaji yeyote anaweza kuifuata.

Mkono wa fundi hupeleka brashi kwa mwendo wa karibu mita 1 kwa sekunde. Chini ya nywele za brashi kuna tabaka la rangi lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Upande mmoja wa tabaka umeshika ukuta, hauendi popote; upande wa pili unakokotwa na brashi. Katikati, rangi inateleza juu ya rangi. Gawanya mwendo kwa unene, mita 1 kwa sekunde kwa mita 0.0001, unapata 10,000 kwa sekunde. Hiyo tunaiita kasi ya msuguo. Ukikoroga kwa kijiti kasi hiyo ni makumi tu. Rangi iliyokwisha kupakwa ikiteremka ukutani kwa uzito wake yenyewe, ni chini ya 1. Punje ya unga inayozama polepole ndani ya kopo lililokaa ghalani inaisugua rangi iliyo kandokando yake kwa kasi ya kama 0.001. Kutoka ghalani hadi kwenye brashi tumepanda mara milioni kumi, na kila hatua inaidai rangi mnato wake. Ghalani iwe nzito sana ili unga usizame. Kwenye brashi iwe nyepesi ili mkono usichoke, ila isiwe nyepesi kupita kiasi. Ukutani irudie uzito ili isichuruzike, ila isirudie haraka mno, maana alama za brashi zinahitaji muda wa kulainika. Kijiti cha mwandishi wenu kinapima ukingo mmoja tu wa safari hii, ule wa utulivu, nao hauhusiani sana na kile ambacho fundi atakiona akianza kupaka.

Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Mwaka 1919 Eugene Bingham na Henry Green walieleza kuwa rangi haifuati tabia ya kimiminika cha kawaida: haianzi kutiririka mpaka isukumwe kupita kizingiti fulani. Polima ndiyo inayotupa uwezo wa kuchagua kizingiti hicho kiwe wapi. Rangi ikiwa imetulia, minyororo yake mirefu imesongamana kama nyuzi zilizofumwa ovyo, na kila mmoja unauzuia mwingine. Brashi ikipita, minyororo inanyooka kuelekea mwendo, misongamano inafunguka, mnato unaanguka. Brashi ikiondoka, joto la kawaida la molekuli linairudisha katika vurugu yake na mnato unapanda tena. Rangi ya kawaida ya ukutani inaweza kuwa na paskali-sekunde 100 ikiwa imetulia, na 0.15 chini ya brashi.

Chukua suala la unga kuzama. Mwanafizikia George Stokes alitupa mwaka 1851 kanuni ya kasi ya punje inayozama, nami huwapa vijana wanaoanza kazi waipige wenyewe. Punje ya kalisi kaboneti yenye upana wa maikromita 10, ikiwa kwenye maji matupu, inashuka sentimita 10 kwa dakika 18 hivi. Iweke punje hiyo hiyo kwenye kimiminika chenye paskali-sekunde 100 na safari ile ile inachukua zaidi ya miaka mitatu. Ndani ya kopo halisi punje haziko peke yake, zinazuiana, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuonyesha ukubwa wa jambo. Hata hivyo, tofauti kati ya dakika 18 na miaka mitatu inaletwa na gramu chache za polima, na mimi bado sijazoea kuiona hesabu hiyo bila kuistaajabia.

Ukutani hesabu ni nyingine. Lita moja ya rangi ina kilo 1.3 hivi. Tabaka la sehemu ya kumi ya milimita likiwa wima, uvutano wa dunia unalivuta kwa mkazo wa takriban paskali 1.3 pale linapogusana na ukuta. Mkazo huo ni mdogo sana, lakini hauondoki mpaka rangi ikauke. Mtandao wa polima ukiweza kuubeba, rangi inabaki pale ulipoipaka. Usipoweza, inaanza kushuka. Ukipaka nene mara mbili mkazo unakuwa mara mbili, na rangi ikishaachia, kiasi kinachoteremka kinakuwa mara nane, kwa sababu kinafuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ndiyo maana machozi ya rangi huanzia kwenye kona, chini ya fremu za madirisha na pembeni mwa vichwa vya misumari, pale brashi inapoacha bonge, wakati sehemu nyingine ya ukuta huo huo imetulia vizuri.

Sasa tazama alama za brashi, ambazo zinataka kinyume chake. Mistari ile huvutwa na mvutano wa uso wa kimiminika hadi ilale. Mtafiti aitwaye Orchard aliipigia hesabu yake mwaka 1962, na hesabu hiyo bado inatumika maabarani: kasi ya kulainika inapanda kwa mchemraba wa unene wa rangi na inashuka kwa kipeo cha nne cha nafasi kati ya mstari na mstari. Mistari iliyoachana mara mbili zaidi inachukua muda mara kumi na sita. Kwa hiyo brashi ya nywele ngumu na nene inaacha kazi ambayo hakuna polima itakayoimaliza kabla maji hayajakauka, na brashi ya nywele laini inamsaidia mtengenezaji kuliko anavyoweza kujisaidia mwenyewe. Rangi inayojilainisha upesi inaelekea kuchuruzika, na ile isiyochuruzika inaelekea kubaki na mistari. Kupata dakika chache za ulaini kisha ugumu, bila kupoteza kimoja, ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote pale maabarani, na haifanywi na polima moja. Tunachanganya.

Aina ya kale inayotumika hadi leo inatokana na selulosi, ile ile iliyo kwenye pamba na mbao. Selulosi yenyewe haiyeyuki kwenye maji, lakini ikiunganishwa na vikundi vya hidroksiethili inayeyuka na kutoa minyororo mirefu sana. Kuitia kwenye mtambo kunahitaji subira. Unga wake ukimwagwa kwa pupa, kila punje inavimba nje kabla maji hayajafika ndani, punje zinagandana, na unapata mabonge yenye ngozi ya jeli kwa nje na unga mkavu ndani. Hayavunjiki hata ukoroge siku nzima. Yatakuja kuonekana ukutani kama vipele. Kwa sababu hiyo unga huu hutibiwa kwa glioksali, kemikali inayochelewesha kuvimba. Unaumimina taratibu kwenye maji yasiyo na alkali huku mtambo unazunguka, na kwa dakika kadhaa huoni badiliko: maji bado ni maji, punje zimetawanyika kila moja kivyake. Kisha unatia amonia kidogo. pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inapanda, kile kizuizi cha glioksali kinaachia, na masikio yanajua kabla ya macho. Mlio wa mota unakuwa mzito, shimo la kizunguko katikati ya chombo linajifunga, na uso uliokuwa unarukaruka unaanza kujikunja polepole.

Selulosi inashika rangi ukutani vizuri na inaelewana na karibu kila kiungo. Kasoro yake iko kwenye urefu ule ule wa minyororo. Rola inapojitenga na ukuta, rangi inavutika kuwa nyuzi nyembamba, minyororo mirefu inazuia nyuzi zisikatike mapema, na zinapokatika hatimaye zinakuwa matone yanayoruka usoni na sakafuni. Fundi aliyewahi kupaka dari kwa rola anajua ninachosema. Pia chini ya brashi selulosi inanyooka kupita kiasi, mnato unashuka mno, na rangi inasambaa ikawa utando mwembamba ambao hauzibi rangi ya zamani.

Na selulosi inaliwa. Bakteria wakiingia ndani ya rangi wanatoa vimeng'enya vinavyokata minyororo vipande vipande. Rangi iliyokuwa nzito inageuka maji na mara nyingi inanuka. Watu huja na malalamiko kwamba dawa ya kuhifadhi ilikuwamo, sasa imekuwaje? Dawa inawaua bakteria, lakini kimeng'enya si kiumbe hai. Kikishakuwamo kinaendelea kukata hata kama kilichokitoa kimekufa zamani. Kwa hiyo usafi wa matangi na mabomba una uzito kuliko dawa yoyote, na mtu anayerudisha ndani ya kopo maji aliyooshea brashi anaingiza wadudu hao kwa mkono wake.

Aina ya pili ni polima za akriliki zinazovimba kwa alkali. Zinakuja zikiwa kimiminika cheupe chepesi chenye asidi. Ningependa kila msomaji aione mara moja: kwenye bika ya kioo weka kidogo, ongeza maji, dondoshea amonia, koroga. Weupe unapotea mbele ya macho, kimiminika kinakuwa angavu, na ukiinua kijiti kinakuja na bonge zima. Vikundi vya asidi vilivyo kwenye mnyororo vimepoteza hidrojeni yake na kubaki na chaji hasi. Chaji hizo zinasukumana, na mnyororo uliokuwa umejikunja ndani ya chembe unafunguka. Ni polima nzuri na nafuu kutumia, ila inategemea pH na haipendi chumvi. Maji magumu yenye kalisi nyingi huzifunika chaji zile na mnyororo unajikunja tena. Amonia ikipotea kwa sababu kifuniko hakikubana, pH inashuka na mnato unaifuata.

Ya tatu ni ile iliyobadilisha kazi yetu: polima za urethani zenye sehemu ya kati inayopenda maji na ncha mbili zinazoyakimbia. Ncha hizo zinatafuta mahali pa kujisitiri. Zinajikusanya zenyewe kwa zenyewe, au zinajibandika kwenye uso wa chembe za gundi, na mnyororo mmoja ukishika chembe mbili unazifunga pamoja. Mtandao unaojengeka hivyo unavunjika na kuungana upya wakati wote. Minyororo yenyewe ni mifupi kuliko ya selulosi, kwa hiyo rola hairushi matone sana. Chini ya brashi mnato haushuki kupindukia, fundi anasikia ukinzani kidogo mkononi, na ukinzani huo ndio unaoacha tabaka nene linalofunika. Wapo wanaoulalamikia, wakidai rangi inavuta. Ningewaomba wauthamini, kwa sababu unawapunguzia mpako mmoja.

Polima hizi za urethani zina udhaifu wao: chochote cha jamii ya sabuni kinazivuruga, kwa kuwa kinazipa ncha zile mahali pengine pa kujificha. Rangi za kukolezea zinazotiwa dukani ili kupata bluu au nyekundu iliyokolea zina viambato hivyo kwa wingi. Mteja akitaka rangi iliyokoza, ile rangi nyeupe iliyotoka kiwandani ikiwa na mnato sahihi inaweza kulegea mbele yake. Mtengenezaji makini hulifikiria jambo hili tangu mwanzo na huchanganya polima ili mmoja ushikilie pale mwingine unapolegea. Ikiwa rangi yako ya bluu ni nyepesi kuliko nyeupe ya jamii hiyo hiyo, usidhani umeuziwa iliyotiwa maji.

Nikirudi kwenye maji, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Mnato unaotokana na minyororo iliyosongamana unafuata ukolezi wa polima kwa takriban kipeo cha nne. Chukua lita moja ya rangi ambayo nusu yake ni maji. Ukiongeza mililita 100 za maji, polima iliyokuwa kwenye mililita 500 sasa iko kwenye 600. Ukolezi umebaki asilimia 83, na asilimia 83 ikizidishwa mara nne kwa yenyewe inakupa chini ya nusu. Asilimia 10 ya maji imekata nusu ya nguvu iliyokuwa inaishikilia rangi ukutani. Wakati huo huo mnato chini ya brashi nao umeshuka, utando unatoka mwembamba, na katika utando huo mwembamba gundi na unga vimepungua. Fundi anaona brashi inateleza vizuri na anafurahi. Anayekaa ndani ya chumba ndiye anayeona mabaka rangi ikikauka, kisha mpako wa tatu unahitajika, na maji yaliyookoa kopo yamekula kopo jingine.

Sisemi maji yasiongezwe kamwe. Ukuta mpya unaonyonya huhitaji mpako wa kwanza mwepesi, na mashine za kunyunyizia zina mahitaji yake. Lakini kiasi kimeandikwa kwenye lebo, na kilipimwa na mtu aliyeijua polima iliyo ndani. Kipimwe kwa kikombe chenye alama. "Mpaka ilainike" si kipimo. Na kabla ya kuongeza chochote, koroga vizuri kwa dakika kadhaa, maana rangi nyingi zinazoonekana nzito mno zimetulia tu kwa muda mrefu, na mwendo wenyewe unazilainisha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo safu yenu ililichanganya na kuharibika kwa rangi, nalo ni maji yanayoonekana juu ya rangi kopo linapofunguliwa. Tabaka jembamba la maji angavu, lisilo na harufu, hutokea pale mtandao wa polima unapojikaza na kukamua maji kidogo. Koroga, litarudi ndani. Rangi iliyoharibika ina dalili nyingine: imekuwa nyepesi kote, inanuka vibaya, au unga umeganda chini kiasi kwamba kijiti hakiubandui. Hiyo ndiyo ya kurudisha.

Kwa anayetaka kupima kabla ya kununua nyingi, anunue kopo dogo na atafute kipande cha ubao au karatasi ngumu iliyopakwa plastiki, yenye sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Apake mpako mmoja bila kuongeza maji, kisha akisimamishe mara moja kikiwa wima. Pembeni aweke mstari mmoja mnene makusudi. Baada ya saa chache atazame: je, weusi bado unaonekana kupitia rangi? Mstari mnene umeshuka? Alama za brashi zimelala au zimesimama? Siku chache baadaye asugue kwa kitambaa chenye unyevu aone kama kinatoka na unga. Pale maabarani tunafanya jambo hilo hilo kwa kadi maalumu na kwa chanuo lenye meno ya kina tofauti, linaloweka mistari ya unene tofauti ili tuone ni upi unaanza kushuka.

Tuna vyombo vitatu vya mnato kwa sababu ya zile hatua nilizozitaja: kimoja kinachozungusha spindo polepole kwenye rangi iliyotulia, kimoja cha padeli inayozunguka mara 200 kwa dakika kinachotoa mnato kwa vipimo viitwavyo Krebs, na kimoja cha koni na sahani kinachofikia karibu 10,000 kwa sekunde, kasi ya brashi. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa kwa Krebs 100, moja ikafunika kwa mipako miwili na nyingine ikashindwa kwa mitatu, na ni kile chombo cha tatu kinachozitofautisha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwako, Mhariri, naomba safu ya ujenzi iondoe jaribio la kijiti na ushauri wa maji, na badala yake iwape wasomaji jaribio la ubao mweusi na mweupe. Kwa watengenezaji wenzangu wanaosoma gazeti hili, naomba waanze kuandika kwenye lebo namba mbili ambazo wanazo tayari kwenye kumbukumbu za kila pipa: mnato kwa kasi ya brashi, na asilimia ya yabisi kwa ujazo. Mnunuzi akiwa na namba hizo mbili hatahitaji kijiti, na fundi atajua kabla ya kufungua kopo itahitaji mipako mingapi.

Msomaji wenu,
Mpimaji wa mnato, maabara ya rangi